Baba Zuhura, Kuba la Shehe Limesimama

Baba Zuhura wangu,

Nakuandikia kutoka Kitale, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya binti yetu. Zuhura yuko kazini, watoto wake wako shule ya bweni, na baridi ya huku unaijua. Nimevaa sweta mbili. Ni mwaka wa pili sasa tangu tukuzike, na bado habari ikinijia nakutafuta wewe nikuambie. Nasema "tukuzike," lakini sikuwepo. Wanaume walikubeba alasiri ileile, kama dini yenu inavyotaka, mimi nikabaki nyumbani na wanawake.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka kwenye kaburi la Shehe? Nilikuwa mwalimu mgeni Bungoma, binti wa mzee wa kanisa kutoka Naitiri, na nilikuletea baiskeli yenye pancha. Ulisema gundi ikauke kwanza. "Njoo nikuonyeshe kitu, Mwalimu." Tukavuka reli, ukafungua ule mlango mfupi kwa ufunguo uliorithi kwa babako. Nikavua viatu. Kaburi lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kijani, na juu yetu kuba jeupe, tupu, kama ndani ya yai.

"Hii ilijengwa bila mbao hata moja," ulisema. "Walijaza chumba udongo."

"Ati udongo? Unanidanganya kwa sababu mimi ni mgeni."

"Mpaka juu, Mwalimu. Wallahi."

Ukanisimulia. Shehe alikuja kwa miguu kutoka pwani kabla ya reli, akafundisha watu kusoma, akajifunza Kibukusu, akazeeka nacho. Alipokufa walimzika ndani ya nyumba yake ya udongo na nyasi, ya duara kama nyumba zote za huku. Nyasi zilipooza, wakajenga kuta nne za matofali waliyochoma wenyewe kule bondeni. Kisha akaja fundi wa pwani, kwa treni, na magunia ya chokaa. Hakuwa na mbao za kushikilia kuba. Basi akawaambia wafunike kaburi kwa mikeka na walete udongo. Waislamu kwa Wakristo wakabeba. Chumba kikajaa, fundi akaulainisha ule udongo kwa juu kama ugali uliogeuzwa kwenye sahani, akapanga matofali juu yake, akapaka chokaa. Kuba lilipokauka, wakautoa udongo wote kwa mlango uleule, karai kwa karai, hadi mikeka ikaonekana. Babu yako alikuwa mmoja wao.

Nadhani nilikupenda hapo, kabla hujamaliza kusema.

Kila mwaka kabla ya Maulidi tulipaka chokaa. Wewe juu, mimi nimeshika ngazi, unanieleza wapi kuna matofali ya zamani na wapi babako aliziba. Kina mama wa kanisani walipita wakisema, "Tazama Mwalimu, anawapakia Waislamu kaburi chokaa." Babangu alikaa miaka mitano bila kukanyaga kwetu. Msikitini nao waliniita "mke wa Baba Zuhura," hawakuniita dada. Sikuhisi upweke wakati huo. Ulikuwa unanitosha.

Sasa nikupe habari. Mvua ya masika ilileta ufa kwenye kuba, kutoka juu ya mlango hadi katikati. Kamati ya msikiti ikaita fundi, fundi akasema liangushwe. Ramadhani wa duka la vyuma, ndiye mwenyekiti siku hizi, akaja nyumbani kuazima ufunguo.

"Mama, tunaangusha hii kitu, tunaweka slabu na vigae. Itakuwa safi."

Nilimfuata hadi msikitini. Walikuwa wameketi barazani, nikasimama mlangoni. Nikawaambia, "Kwangueni chokaa kwanza. Matofali ni mazima. Pale juu ya mlango peke yake ndipo babake marehemu aliziba kwa simenti, na simenti haishikani na chokaa."

Kijana mmoja akasema, "Lakini huyu mama si Muislamu. Anajua aje?"

Hakuna aliyenitetea, Baba Zuhura. Nilitazama viatu vyao vilivyopangwa pale chini, nikatafuta pa kuweka mikono yangu. Kisha nikasema, "Nimeshika ngazi miaka thelathini na minne, ndiyo maana najua."

Ramadhani akainuka, akatuma mtu alete patasi. Wakakwangua. Ilikuwa vile ulivyosema, matofali mazima kila mahali isipokuwa pale juu ya mlango.

Basi wakakubali kuziba ufa badala ya kuliangusha, wakafunika kaburi, wakajaza udongo kama zamani. Fundi mzee kutoka Webuye alikuja kusimamia, na kila alipokwama aliniuliza mimi. Nilibeba karai moja, goti likanikataza la pili. Waliporekebisha na kuutoa udongo wote, wakaingia kusoma dua. Mimi nikakaa nje na viatu. Nilisikia sauti zao zikizunguka huko juu, nikajua kuba ni zima.

Wiki iliyofuata Ramadhani akaja kwa adabu sana, akanywa chai yangu, akaomba ufunguo akabidhiwe mpwa wako. Ni haki yao. Nikautoa. Zuhura akasema, "Mama, sasa unangoja nini hapa?" Nikafunga mizigo, nikaja Kitale.

Ijumaa iliyopita nilirudi Bungoma mara moja, nikamwona Maalim wa msikiti baada ya swala. Nikamuuliza kama siku yangu ikifika naweza kulazwa karibu nawe. Akanijibu kwa upole, maskini.

"Mama, makaburi yale ni ya waumini. Mimi sina uwezo." Halafu akasema taratibu, "Ila mlango wa dini uko wazi."

"Najua, Maalim. Nilitaka tu nisikie mtu akisema."

Ningeweza kutamka yale maneno ya shahada. Ni machache, nimeyasikia maisha yangu yote ya ndoa. Lakini hukuniomba hata siku moja, na siwezi kumdanganya Mungu ili nipate nafasi ya kulala kando yako. Kakangu amenionyesha mahali Naitiri, karibu na kaburi la mama. Nimekubali.

Nikamwomba Maalim jambo moja tu, anionyeshe ulivyolazwa, kwa maana sikuwahi kuona. Akanipeleka makaburini, akanyoosha mkono juu ya nyasi. Kichwa huku, miguu kule. Ubavu wa kulia, uso kibla, na kibla chetu ni kaskazini.

Naitiri iko upande huo, Baba Zuhura. Sisemi inatosha. Nasema tu kwamba nilisimama pale nikahesabu vilima, na ni huko unakotazama.

Pumzika, mume wangu. Nitakaa Kitale hadi niitwe.

Ni mimi mkeo,
Mama Zuhura