Kijiti cha Mma Kabo

Jumanne usiku, Al Thumama

Na mimi mwenyewe ndiye niliyekiondoa kile kijiti asubuhi, maana nilichoka kukiruka kila nikitoa taka.

Mma Kabo, yaani Mama Kabo, jirani yetu hapa ughaibuni, nesi kutoka Botswana, alikilaza mlangoni mwanangu Neema alipozaliwa. Kwao Watswana, mzazi na kichanga hukaa ndani miezi mitatu, wanaita botsetsi, na kijiti huwaonya watu wasiingie ovyo. Hasa aliyetoka kwenye maiti. Huyo ana miguu ya moto, na mtoto huugua akimkaribia. Nilikuwa nacheka tu.

Jioni Baba Neema alirudi kutoka kazini. Alipovuka kizingiti tu, mtoto akakataa ziwa, akalia kwa sauti nisiyoijua.

Mma Kabo akaja mbio, akasimama nje. Hakuingia.

"Mma Neema, nani ameingia na miguu ya moto?"

Baba Neema akainamisha kichwa. "Tumetoka kumsindikiza Otieno wa zamu yetu. Maiti inasafirishwa nyumbani leo. Sikutaka kukutia hofu, mama."

Sikumgombeza. Nilimpa blanketi. "Pole, baba. Lakini leo utalala kwa wenzako kina Kamau."

Akaenda. Neema amenyonya, Mungu ashukuriwe. Kijiti nimekirudisha.

Ila Neema hanitazami mimi. Tangu jioni macho yake yako pale kwenye viatu, kando ya mlango, na mara moja ametabasamu.

Baba yake nilimwona akitoka peke yake. Sijui kama aliingia peke yake.