Mruhusu Kabula Aje Apimwe

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nafuu ya mguu, na mvua za huko Buhongwa hazijaharibu mahindi. Mimi nikikuambia ni mzima nitakuwa nakudanganya, ila nakula na nakaa kitako. Nimeandika kwa sababu ukipokea simu unaweka sauti kubwa, na ua mzima unasikiliza, Baba Mkubwa Masanja akiwa wa kwanza. Haya nataka uyasome peke yako.

Mama, nakuomba umruhusu Kabula aje Dar kupimwa. Kabula ameniambia yote. Kwamba wale watu wa Magu wanaotaka kumposa wametuma mama mmoja azunguke kwa majirani kuuliza kama ukoo wetu una kifafa, ukoma au wazimu, kama ilivyo desturi yetu kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka. Kwamba Baba Mkubwa, aliposikia daktari amesema hitilafu ya damu yangu iko kwenye jeni, alihitimisha kuwa ni ugonjwa wa ukoo, ndio uliomuua shangazi. Akaagiza mdogo wangu asipimwe popote mpaka ndoa ipite, na mtu akiuliza habari zangu aambiwe nimebanwa na cherehani.

Simlaumu kwa kuogopa. Hata mimi siku ile nililala nikifikiri kwamba Kabula naye anao. Asubuhi nilimuuliza daktari, binti mdogo tu, mpole, kutoka Bukoba.

"Kwa hiyo mdogo wangu na watoto nitakaowazaa wamekwisha?"

"Hapana, dada Mbuke," akasema. "Hukuzaliwa nayo. Hakuna aliyekupa, na hutamrithisha mtu."

Akavuta kiti, akanichorea. Ndani ya kila seli kuna nyuzi zenye namba, na humo ndimo yalimo maagizo ya mwili. Kwenye mifupa yangu, katika seli moja tu, uzi namba tisa na uzi namba ishirini na mbili zilikatika, vipande vikabadilishana mahali. Mimi nilielewa kifundi: ni kama mtu ameshona mkono wa gauni hili kwenye gauni lile. Pale palipoungwa vibaya pametoka agizo la kuzaliana bila kukoma. Seli hiyo ni ya zile nyeupe wanazoziita B, ambazo zikikomaa huulinda mwili. Sasa zinazaana zikiwa changa, zinajaa, damu nzuri inakosa nafasi. Ndiyo maana nilikuwa navilia damu ovyo na kuishiwa pumzi.

Aina hii wanaiita Philadelphia, kwa jina la mji wa Marekani walikoigundua. Mwambie Baba Mkubwa sijawahi kukanyaga huko, wala shangazi. Shangazi alivimba ini, wewe mwenyewe ulimuuguza.

Kujua aina kumenisaidia, Mama. Kuna kidonge kinacholizuia agizo lile lile, nakimeza kila siku pamoja na dawa nyingine, na kipimo cha mwisho kimeonyesha ugonjwa umelala. Lakini daktari hakunificha. Kwa mtu mzima kama mimi unaweza kuamka tena, na ukiamka huwa mkaidi. Wanataka kunipandikiza uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, wa mtu mwingine sasa hivi, ukiwa bado umelala. Wa kuanza kupimwa ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Mimi ninaye Kabula tu. Anaweza asilingane nami, lakini tujue. Akilingana, watamchoma sindano siku chache, kisha watachukua seli za uboho kwenye mshipa wa mkono kama mtu anayetoa damu, na mwili wake utazirudisha.

Juzi alinipigia akinong'ona yuko nyuma ya jiko. "Dada, mimi napanda basi tu. Kama watanikataa kwa sababu yako, si wanikatae mapema?"

Nilimkatalia. Sitaki atoroke kwako kama mwizi. Baada ya kukata simu nililia kwa hasira. Nina hasira na Baba Mkubwa, na Mama, nina hasira na wewe pia, kwa kunyamaza. Naogopa kufa.

Nisalimie bibi, mwambie asiache kuniombea. Msalimu mama mdogo wa Kiseke na wanawe. Baba Mkubwa naye mpe shikamoo yangu, na ukitaka msomee ule ukurasa wa nyuzi. Kabula umbusu.

Wageni wa Magu wakija wakakuta hayupo, usiwaambie yuko shambani. Waambie dada yake Mbuke ana saratani ya damu, na wewe mwenyewe ndiye uliyempandisha basi aende kwake.

Ni mimi mwanao, bado nipo,
Mbuke