Kwa Kiroboto Wetu, Wakili wa Watu wa Chini ya Bwawa

Mwaka umeshazunguka, mjukuu wangu, tangu ulipotutoka pale wodini, na bado jioni tukisikia geti likigongwa tunageuza vichwa, tukidhani ni wewe umechelewa mahakamani. Nyumbani wamenituma mimi bibi yako niandike kwa niaba ya wote. Mkono wangu ni wa polepole, unaujua, basi nivumilie.

Tulikuita Kiroboto kwa sababu tangu ukiwa binti mdogo hukutulia pahali. Wengine walikujua kama Wakili, yule mdogo wa umbo aliyewasimamia wanakijiji wa chini ya bwawa la umeme, pamoja na idara ya maji, dhidi ya kampuni iliyokuwa ikifungua milango ya bwawa bila kumwambia mtu. Hamkutaka bwawa libomolewe. Mlitaka king'ora kilie kabla maji hayajaachiwa, ili aliye mtoni awahi kupanda juu. Ni hilo tu. Na kwa hilo tu ulizeeka mbele ya macho yetu.

Mwanzoni wateja wako walikuwa hawasemeshani. Wanakijiji waliamini idara ndiyo inayowafungulia maji ya bwawa. Idara nayo iliwaona wakorofi. Ukawaita wote ofisini kwako, kile chumba chenye viti vya kuyumba, wewe mwenyewe ukakaa juu ya ndoo.

"Mkitaka kugombana, gombaneni hapa hapa," uliwaambia. "Mkigombana mbele ya jaji, kampuni itanunua soda."

Hoja zako ulikuja kunisomea jikoni. "Bibi, ukisinzia, najua na jaji atasinzia." Nami nilisinzia kweli, mama, wala si kwa ubaya. Ukiona kichwa kimeinama, unaukata ukurasa mzima kwa kalamu. "Huo umekufa," unasema. Nikiuliza, "Na ule wa samaki?" unacheka: "Wa samaki unabaki, ndio uliokuamsha."

Hatusahau siku dobi, shahidi wako, yule aliyechukuliwa na maji akanasa kwenye mti, alipozuiwa mlangoni pa mahakama kwa sababu ya kandambili. Ulivua viatu vyako ukampa.

"Na wewe je, Wakili?"

"Mimi nina joho refu. Nani atanitazama miguu?"

Ukasimama mbele ya jaji na kandambili za dobi, ukazungumza asubuhi nzima. Dobi alituambia baadaye kwamba viatu vyako vilimbana mpaka machozi, ila aliona haya kukuambia. Wakili wa kampuni alidhani analia kwa ushahidi.

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Mara jaji kahamishwa, mara mtu fulani ana udhuru. Ulikuwa ukirudi unajilaza sakafuni, begi likiwa bado begani. Baba yako akakwambia, "Mwanangu, waachie wengine sasa." Ukamjibu umefumba macho, "Baba, wakifungua kesho, dobi yuko mtoni." Hata ulipoanza kuumwa ulificha dawa ndani ya begi lile, ukaenda. Karani wa mahakama ndiye aliyekuletea kiti, na jaji akakuruhusu kusema umekaa. Tunamshukuru sana karani yule. Alikuona kabla yetu.

Uliondoka kabla ya hukumu. Mwenzako wa ofisini, uliyemwita Mlingoti kwa urefu wake, aliibeba kesi na kusoma hoja za mwisho. Wakili wa kampuni, uliyezoea kumkaribisha chai wakati wa mapumziko, angeweza kuomba kesi iahirishwe siku ile. Hakuomba. Na hilo tumeliweka moyoni.

Jaji aliamuru king'ora kiwekwe. Kampuni imekata rufaa, na Mlingoti anasema tusivue viatu, safari bado. Tumechoka, Kiroboto, hatukufichi. Lakini amri inafuatwa wakati rufaa ikisubiriwa, na siku ya kwanza ya king'ora tulikwenda kukisikiliza.

Kililia watu wakiwa kazini mtoni. Dobi akakusanya nguo zake, akapanda, akaketi karibu nasi. Tukangoja. Mto umetulia tu. Mtu mmoja akasema, "Wametudanganya hawa." Ndipo maji yakaja, mekundu, na sauti yake ile, yakalifunika jiwe analofulia. Hakuna aliyeshangilia. Dobi alinishika mkono.

"Bibi," akasema, "leo nimewahi hata kukamua nguo."

Unakumbukwa na baba yako na mama yako, kaka zako wawili, shangazi yako aliyekuuguza, Mlingoti, marafiki zako wa idara ya maji, watu wote wa chini ya bwawa, na mimi bibi yako.

Pumzika, mama. Tutakukumbuka daima, hata katika uchovu huu.