Mama, Usimwite Nasra

Mama yangu,

Asubuhi hii Nasra kaniambia umekuja. Eti umekaa kwenye kiti karibu na kitanda chake, unampapasa kichwa, unacheka. Nikatoka ukumbini nikalia mbele za watu, wala sikuona haya. Mama, nnakupenda, Mungu ndiye anayejua, lakini nnakuomba usije hapa. Usimwite mwanangu.

Ulipotuacha, mjukuu wako alikuwa mzima, anakimbia uani na kandambili zako. Maradhi yalikuja baada yako. Tulidhani uchovu, kumbe saratani ya damu. Tangu hapo sisi ni watu wa hospitali. Baba yake, Seif, akitoka kazini Al Khuwair anakuja moja kwa moja na kanzu yake ya wizarani, anasema, "Inshallah atapona," kisha anageuza uso, mtoto asimwone analia. Nywele za Nasra zimekwenda zote, zile ulizokuwa ukimsuka na huku unamgombeza, "Tulia, we kisirani!"

Sasa nikwambie la kukuchekesha, au la kukukasirisha, sijui. Hapa anakuja mbwa. Ndiyo, mbwa, wodini! Usinitizame hivyo. Ni mbwa aliyefunzwa, analetwa kukaa na watoto wagonjwa sana, na wazee wao pia. Jike kubwa, rangi ya kahawia, jina lake Halwa. Anamleta Muna, daktari wa wanyama, Mswahili mwenzetu, watu wao wametoka Bujumbura. Siku ya kwanza nilijibana kwenye kona, buibui nimelikusanya mkononi. Muna akacheka, "Dada Raya, huyu hana neno, anaoga kutushinda sisi!" Na Nasra, aliyekuwa hataki kumeza kitu, akamwonesha Halwa kidonge. "Tizama, mimi nnameza, si mwoga kama wewe." Akakimeza, wallahi. Na mimi siku moja nikajikuta nimekaa sakafuni, kichwa nimekilaza juu ya mgongo wa mbwa, nnalia. Watu wote wananiambia nisubiri, nivumilie. Yule hakunambia kitu, alikaa tu.

Halafu akaja mdogo wako, mama mdogo Zuwena, kutoka Ghubra. Siku hiyo Halwa kamlamba Nasra mkono. Unamjua mdogo wako. "Yuu! Najisi hiyo, mnamwachia mtoto?" Nikamwambia wauguzi wanamfuta kwa dawa, yaishe. Nikadhani yamekwisha. Siku ya pili nikaenda kusali adhuhuri, narudi nakuta beseni kitandani, maji ya matope, na yeye kakunja mikono ya nguo anamwosha mtoto kama tulivyofunzwa sote mbwa akikulamba, mara saba, moja kwa udongo. Udongo wa bustanini kwake, kauchekecha vizuri, kautia kwenye mfuko safi. Na mkono wenyewe ndio ule wenye mrija wa dawa. Bandeji imerowa chapachapa. "Nimemtwaharisha," akanambia, uso umemkunjuka. "Sasa dua zetu zitapokewa."

Mama, mtoto hana kinga hata ya kupigana na mafua.

Kabla ya magharibi alikuwa anawaka moto. Daktari akasema vidudu vimepita penye mrija vikaingia kwenye damu. Wakamhamishia chumba cha peke yake, haingii mgeni wala mbwa. Homa inashuka kidogo, inapanda. Dawa wamebadilisha na kubadilisha, na hii ya sasa, katwambia waziwazi, ndiyo ya mwisho waliyonayo. Nasra kageukia ukutani. Hali chakula, na ukiacha hayo ya asubuhi kuhusu wewe, hasemi, ila neno moja tu analiuliza: "Halwa kanikasirikia?" Nimjibu nini? Nimwambie bibi yako Zuwena kakuosha kwa mapenzi, na mapenzi ndiyo yaliyokuangusha?

Zuwena nimemwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama yake mdogo. Simu yake sipokei. Ungelikuwepo ungetuweka chini sote wawili ukatusema mpaka tukapatana, lakini hupo, na mimi nimechoka, Mama, nimechoka mpaka mifupa.

Leo alasiri Seif akaniita dirishani. Chini kwenye maegesho, juani, kasimama Muna na Halwa. Lakini aliyeshika kamba si Muna. Ni Zuwena! Zuwena huyu huyu ambaye mbwa akipita mtaani kwake anafunga mpaka madirisha. Kaishika kamba kwa mikono miwili, namwona kutoka juu, na mbwa kajilaza juu ya miguu yake. Nikamnyanyua Nasra. Hana uzito kabisa. Akatizama, akatizama, akauweka mkono kwenye kioo. Kisha akataka maji, akanywa mafunda mawili matatu.

Nikampigia Zuwena. Sikumwamkia. Nikamwambia, "Usiondoke."

"Siondoki, mwanangu," akanijibu.

Wewe ulikuwa ukitwambia malaika hawaingii penye mbwa. Watu hulifanyia mzaha neno hilo, eti asiyetaka kufa na afuge mbwa. Mimi sifanyi mzaha. Nnajua malaika wa mauti hazuiliwi na mlango wala mnyama, astaghfirullah, akili yangu haiko sawa. Lakini nimemtizama yule mbwa pale chini nikasema kimoyomoyo, kaa hapo hapo. Usinyanyuke.

Sasa muuguzi katoka kumpima. Homa inapanda tena, na Seif kashika msahafu lakini naona hageuzi kurasa.

Basi nnakuaga, Mama. Yasini yako nitaisoma kila Ijumaa, hilo nnakuahidi. Na Zuwena nitamsamehe, itokee itakayotokea. Hilo ni gumu kwangu, lakini nalo nnakuahidi, kwa sababu ni mdogo wako na bado yuko juani. Na wewe niahidi moja tu. Ukimwona Nasra anakuja kwako mbio, usimfungulie mikono. Mkaripie. Mfanyie uso mkali, hata akilia. Mrudishe kwangu.

Mwanao,
Raya