Neno "huria"

Alhamisi, kabla ya kulala

Neno lenyewe ndilo limenichosha, si kazi. Barua pepe za kampuni zimehama mchana bila shida, kutoka kwenye programu tuliyokuwa tukiilipia kila mwaka kwenda kwenye programu huria. Kosa langu ni kulitaja hilo jina mbele ya bosi, Mzee Karim.

"Huria? Yaani kila mtu anaingia? Wafanyabiashara wenzangu wa mchele wasome bei zangu?"

Nikaeleza kwamba kilicho wazi ni namna programu ilivyotengenezwa, si barua zake. Baada ya swala ya alasiri nikaeleza tena. Akatikisa kichwa. Kwake huria ni soko huria, lililomletea washindani hadi mlangoni.

Mwisho nikasema tu, "Mzee, tulikuwa kwenye nyumba ya kupanga. Sasa tumehamia kwetu."

Akaelewa papo hapo, hata akacheka. Nikashusha pumzi, nikachukua mkoba wangu.

Nimefika mlangoni akaniita. "Na hiyo yetu ikivuja, mwanangu, tutamwita nani?"

Zamani mitambo ikigoma nilikuwa nasema tumewapigia wenyewe, wale tuliokuwa tukiwalipa, tunasubiri. Kisha nakunywa chai yangu. Leo nimejibu, "Mimi, mzee," na sauti yangu sikuipenda.

Hapa nyumbani Mafiga mvua imeanza, na kule mlimani kunanguruma. Umeme ukikatika usiku huu, sijui kama kila kitu kule ofisini kitawaka chenyewe asubuhi. Simu nimeiweka kitandani, kando ya mto.

Sasa wenyewe ni mimi.