Fungu la Mama Ghalani

Nyumba ya Kijani, Nyuma ya Kanisa,
Pwani ya Kaskazini, Alaska.
14 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Dorcas,

Hujambo huko Anchorage? Na mchumba wako Isaac, mguu wake umepona? Mimi mzima wa mwili, mengine utayasikia. Baridi ipo, ingawa si ile tuliyokulia.

Nyumba imekuwa kubwa mno tangu uondoke. Napika mchuzi wa kulungu kwa sufuria ile ile ya watu watano, kisha naula siku nne mpaka nauchukia. Siku hizi najibizana na redio. Cheka tu, hata mimi hujicheka.

Kazi ya kupima joto la ardhi bado ninayo. Wataalamu huja Julai, Agosti wamekwenda zao. Miezi iliyobaki ni mimi na vipimajoto vilivyofukiwa: nasoma, naandika, natuma. Wananijibu kwamba takwimu ni nzuri sana. Nzuri kwa nani, sijui.

Sasa jambo lenyewe. Februari uliniomba nikutumie lile fungu la ngozi ya nyangumi alilolikata mama kwa mkono wake kabla hajafariki, liliwe kwenye harusi yako. Nimekaa kimya miezi miwili kwa kukuogopa. Dorcas, halipo. Liliharibika Agosti, pamoja na kila kitu kilichokuwa ghalani, kwenye shimo letu la barafu chini ya ardhi.

Na kosa ni langu. Aprili ya mwaka jana nilishuka mle shimoni na kipimajoto. Barafu ya kutani ilikuwa karibu kuyeyuka. Mjomba Roxy alikuwa juu ameshika kamba, akaniuliza, "Enhe, bibi mpimaji, linafaa?" Unajua mwenyewe, nyangumi hajitoi kwa watu wasio na ghala safi la kumlaza. Nikasema moyoni, ghala alilolichimba babu lifungwe kwa neno langu mimi? Nikamjibu, "Linafaa, mjomba." Tukasafisha, tukatandaza theluji mpya. Ningesema kweli, fungu la mama lingeingia kwenye friji siku ile ile. Agosti nilikuta maji ya magotini.

Jumamosi iliyopita mjomba aliniita tena nikamshikie kamba. Nilishangaa, maana ghala ni tupu na tulishakubaliana kulifunga. Mzee wa miaka sabini na minne akashuka, akakwangua sakafu yote, akatandaza theluji safi kana kwamba nyangumi analetwa kesho. Alipopanda nilishindwa kuvumilia, nikamwambia yote.

Nilidhani atanifukuza. Akakaa juu ya ndoo, akavua glavu. "Maji niliyaona tangu Juni," akasema. "Nilikuwa nayachota kila asubuhi kabla hujaamka. Nilidhani nitayamaliza, usijue." Kisha akasema, "Kumbe tulikuwa wajinga wawili." Akapigilia mbao mlangoni, mimi nikimpa misumari. Tangu hapo hajaja kunywa kahawa, nami naona haya kwenda kwake.

Nisalimie Isaac na mama mkwe wako Bertha. Buti zako za harusi nimeshazishona, nitazituma kwa ndege ya Alhamisi.

Jumapili baada ya ibada nitakuwa nimekaa karibu na simu. Piga unigombeze, useme lolote lililo moyoni mwako. Ila usininyamazie, mdogo wangu. Kunyamaza ndiko kulikotuozeshea fungu la mama.

Mungu akulinde hadi tuonane.

Dada yako akupendaye na kukukumbuka,
Lottie