Makali ya Mguu wa Kushoto

Jumanne, 17 Oktoba

Kikao cha kanuni za michezo chuoni leo. Kila mwaka kikao, kila mwaka usingizi! Tulijazana chumba cha video: wafuaji wa jezi, wapishi, dereva wa basi, mkandaji, na mimi mnoaji wa viatu vya barafu, vile vyenye chuma cha kutelezea chini. Bwana Mabry, ofisa wa kanuni wa chuo, alisimama mbele na sweta tatu. Mtu wa Georgia, kusini kwenye joto. Theluji haijaanguka hata ya kufunika jani, yeye keshajifunika kama mgonjwa. Nikamuuliza, Januari utavaa nini, godoro? Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka. Ana moyo mzuri, maskini.

Somo lenyewe: kutafuta wachezaji wapya ni kazi ya makocha. Sisi wengine, mdomo koma. Kijana wa sekondari ambaye chuo kinamtaka wanamwita mtarajiwa. Ukikutana naye msalimie, upite. Usimsifie chuo, usimpe kitu, usimwahidi kitu. Ukikosea wewe, anayefungiwa ni yeye. Hapo niliacha kusinzia.

Kisha akaonyesha orodha ya watarajiwa wa timu yetu ya wanawake ya mpira wa magongo wa barafuni. Jina la tatu: Delia Zupan, kipa.

Delia! Kila Alhamisi yuko gerejini kwangu!

Alhamisi, 19 Oktoba

Alikuja saa kumi, viatu vinaning'inia shingoni. Miaka kumi na mmoja sasa. Alipoanza kuja alikuwa na miaka sita na hana meno ya mbele. Alipokuwa na tisa akavunjika kifundo cha mguu wa kushoto, kikaunga kikiwa kimelala kidogo. Tangu siku hiyo chuma cha kiatu cha kushoto nakinoa kwa kukilaza pia, upande wa ndani, kiasi ambacho hakimo katika kitabu chochote. Kimo vidoleni mwangu. Akinolewa na mtu mwingine, mechi haijafika nusu anachechemea.

Vyuo viwili vinamtaka: chetu, na kimoja cha Boston. Anatia saini ya kujiunga na kimoja tarehe nane Novemba.

Leo kaniuliza, mikono mfukoni, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: "Bibi Irja, nikija chuoni kwenu, si wewe utaninolea miaka yote minne?"

Nikawasha mashine. Mashine ina kelele, Mungu aibariki.

Maana barua ipo. Niliiandika Septemba, nimeificha kwenye droo ya mikasi. Nastaafu Machi, msimu ukiisha. Miaka sitini na saba inatosha. Mume wangu Reino keshanunua ramani ya Arizona, kaka yake ana michungwa huko. Hakuna mwingine anayejua. Na huyu mtoto anataka kuchagua chuo kwa ajili ya vidole vyangu!

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimekwenda kwa Mabry kuungama. Si la barua, bado. La kunoa.

"Unamnolea mtarajiwa? Bure?"

"Si bure. Mama yake huniletea mkate wa kokwa za jozi kila Krismasi."

Akashika kichwa. "Na huo mkate una thamani gani?"

"Hujauonja wewe. Ungejua hauna bei."

Hakucheka. Akanieleza polepole: ukimfanyia mtarajiwa kazi ambayo watu wengine hawafanyiwi, hiyo ni zawadi. Zawadi ni kosa. Na kosa linaweza kumfungia Delia lango letu kabisa. Lakini kama nawanolea watu wote, na nilianza kabla hajaanza kutafutwa, hakuna neno. Nithibitishe tu. Nithibitishe kwa lipi? Nina daftari la wateja mimi? Mpaka Jumanne nisiguse viatu vyake.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mimi mnoaji, na leo umenikata mwenyewe.

Nilimweleza Reino huku nikipiga sufuria. Akavaa kofia yake upande, kama kawaida yake, akaenda zake mkahawani.

Jumanne, 24 Oktoba

Lo! Sijapata kuona!

Reino, mtu wa maneno kumi kwa siku, na tisa anayamalizia kwa mbwa, kumbe aliwaambia mkahawa mzima. Asubuhi nimekuta foleni mbele ya ofisi ya Mabry mpaka chini ya ngazi. Watu arobaini na wanane, wote niliowanolea, wamekuja kushuhudia! Mchungaji na viatu vyake vya ujana. Jaji. Mapacha wa familia ya Lahti, wazima moto, na kofia zao. Mama mmoja wa miaka themanini na minne alipiga meza kwa fimbo: "Alininolea mwaka sabini na tisa, nikaanguka siku hiyohiyo. Andika na hilo!" Kila mtu na sahani yake ya kitu kitamu. Mabry aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, akaazima ya jaji.

Wa mwisho kuingia ni mke wa Mabry mwenyewe, na binti yao Nadine, wa miaka saba. Nadine hakungoja kuulizwa. "Baba, na mimi! Bibi Irja alininolea Agosti, mama akampa mkate wa mahindi!"

Mabry akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari. Kisha mwanamume akacheka, akacheka, mpaka akavua sweta moja.

Nimeruhusiwa. Kunoa kama zamani, kwa Delia kama kwa wote. Mabry alinisindikiza mpaka mlangoni: "Lakini mama, viatu tu. Habari za chuo, hata nusu neno, hapana."

Nimerudi na sahani kumi na moja, nyingine zililiwa hapohapo. Tutakula keki hadi Pasaka.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mtihani wa kanuni. Nimepata ishirini na tisa kwa thelathini! Dereva wa basi kapata kumi na saba, anasema karatasi yake ilikuwa ngumu kuliko zetu. Ng'ombe hazeeki maini.

Baada ya mtihani nikabaki nyuma. Nikamuuliza Mabry kwa kuzunguka: mtu akiwa na jambo lake la kazi, na mtarajiwa anakata shauri kwa sababu ya jambo hilo, anaweza kumwambia?

Alinitazama sana. "Kazi yako iko chuoni, mama. Ukimwambia, umezungumza habari za chuo. Wa kumwambia ni kocha."

"Na kocha akiwa hajui?"

"Basi kocha aambiwe."

Jibu fupi, na lilikuwa mbele ya pua yangu wiki nzima. Nimeitoa barua kwenye droo. Imeshika harufu ya mafuta ya mikasi.

Jumatano, 1 Novemba

Nimempa Kocha Lorna barua. Aliisoma amesimama. Akakaa. Akalia kidogo, nami nikalia kidogo, tukala keki ya mchungaji. Mpaka hapo vizuri.

Halafu akaikunja, akanirudishia. "Irja, niletee tarehe tisa."

"Tarehe nane mtoto anatia saini."

"Ndiyo maana."

Hasira zilinipanda! Nikamwambia, Lorna, nilikunolea wewe ukiwa na miaka kumi na kamasi puani, usinifanye mjinga. Anasema bila Delia hana kipa, na bila kipa mwakani tutapigwa kama ngoma. Anasema vyuo vyote vina wanoaji. Wanoaji wapo, nikamwambia, lakini wa mguu ule ni mmoja, na wewe unajua, na yeye anajua, ndiyo sababu anakuja! Barua nimeiacha mezani pake.

Nikapita tena kwa Mabry. Kuna kanuni ya kumlazimisha kocha aseme? Alifungua kile kitabu chake, kinene kama tofali, akapekua, akapekua, akakifunga.

"Kanuni haipo, mama. Aibu ipo."

Jumamosi, 4 Novemba

Barua bado iko mezani kwa Lorna. Sasa imewekewa kikombe cha kahawa juu.

Sauna na Reino, chumba chetu cha mvuke na mawe ya moto. Nikamwaga yote. Nikisema, nimevunja kanuni, anafungiwa mtoto. Nisiposema, nimemdanganya kwa kunyamaza. Yeye anatia saini ya miaka minne, mimi nakula machungwa Arizona. Nitamtazamaje mama yake? Nitaula vipi ule mkate?

Reino akamwagia mawe maji. Mvuke ukapanda. Akauliza: "Umeruhusiwa nini?"

"Viatu. Viatu tu."

Akamwaga maji mengine. "Si haba," akasema.

Nilitaka kumpiga na ndoo. Lakini neno lenyewe limening'ang'ania tangu hapo. Si haba. Viatu si haba.

Jumatatu, 6 Novemba

Leo kimeanza kipindi cha kimya. Siku hizi za kuelekea saini hakuna kocha anayeruhusiwa kuonana na mtarajiwa uso kwa uso. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, walisema wa kale, na kweli chuo kizima kinatembea kwa ncha za vidole.

Nilimpigia simu Mabry. Kunoa kwangu bado ni halali? Halali, ni mazoea ya tangu zamani. "Na kumfundisha mtu kunoa?"

"Umewahi kufundisha wengine?"

"Mapacha wa Lahti. Walichoma mkono wa sweta."

"Basi ni jambo la wote," akasema. Nilisikia anavyotabasamu. "Viatu tu, mama."

"Viatu tu."

Jumanne, 7 Novemba

Nimemtuma Reino akamwite Delia baada ya shule. Neno moja tu: aje na viatu. Alikuja mbio, anadhani mashine imeharibika.

Sikueleza kitu. Nikamvalisha miwani yangu ya kazi, nikamsimamisha mbele ya jiwe la kunolea. Akacheka: "Bibi, nitakata vidole!" Nikamwambia vidole ni kumi, kimoja ni sadaka.

Tulianza na viatu vya mchungaji. Vibaya sana. Tena. Vibaya. Mara ya tano akaparua ukucha juu ya makali, unga mweupe wa ukucha ukatoka, ndiyo alama ya chuma kunoleka. Macho yakamwaka! Huyu mtoto amenitazama miaka kumi na mmoja, mikono ilikuwa inangoja ruhusa tu. Kisha kiatu chake cha kulia, sawa. Kisha cha kushoto.

Nikampa sarafu. Iweke juu ya chuma, nikamwambia. Kwa watu wengine sarafu hulala sawasawa. Kwako ilale upande wa ndani, kama kofia ya Reino. Ikilala hivyo, hutachechemea. Nikashika mikono yake ndani ya yangu, tukapitisha chuma mara moja, pamoja. Nikaachia.

Akazima mashine.

Si mjinga Delia. Alinitazama kupitia ile miwani, imemzidi uso. "Kwa nini unanifundisha, Bibi? Kwa nini leo, na kesho ndiyo saini?"

Mdomo uliniwasha, Mungu wangu! Maneno yote yalikuja kusimama nyuma ya meno. Nikasema: "Cha kushoto hakijaisha." Nikatoka, nikamwacha peke yake.

Sasa niko jikoni. Naandika na vumbi la chuma mikononi, ukurasa umechafuka wote. Reino anamenya viazi, anajifanya hasikii. Huko gerejini mashine imewaka tena. Anabonyeza mno. Taratibu, mtoto. Taratibu. Hapo! Hapo sawa. Sauti yake hiyo. Miaka arobaini na zaidi, sijawahi kuisikia mashine yangu nikiwa jikoni.

Imenyamaza.

Sasa anaweka sarafu. Bado anaitazama. Reino kaweka sahani ya tatu mezani, wala hakuambiwa.

Huyo, namwona dirishani. Anavuka ua na kiatu mkononi, sarafu juu ya chuma, anatembea polepole isianguke. Imelala upande wa ndani. Lakini haitazami sarafu, ananitazama mimi, na usoni sijui ni kicheko au kilio. Nadhani keshaelewa kwamba chuo chochote atakachochagua, atajinolea mwenyewe. Ataniuliza tena. Na safari hii sina mashine ya kujifichia. Reino, mfungulie ml—